Timu Isiyo na Namba Tisa

Edmonton, Alhamisi mchana

Zuhura mwanangu, somo wa mama yangu,

Wewe na mama yako mmekwenda sokoni Walthamstow kutafuta begi jingine, maana lile la kwanza limekatika zipu kabla hata halijaiona ndege. Nimetoka kazini saa nane nikakuta nyumba kimya, nikajiambia bora niandike sasa hivi, kwa sababu mkirudi nitaona haya na nitajifanya natafuta funguo. Kesho asubuhi unaondoka. Habari za sweta, chaja, karatasi za viza na kula vizuri mama yako ameshakupa, na atakupa tena njia nzima mpaka Heathrow, kwa hiyo mimi siziingilii.

Nakuandikia Kiswahili makusudi. Najua unakisoma kwa kusuasua. Basi soma kwa sauti, taratibu, sikio litakusaidia pale jicho litakapokwama. Kwa Kiingereza mimi ni mtu wa "no problem" na "thank you so much". Miaka yote hii katika nyumba ya kutunzia wazee nimekuwa fundi wa maneno hayo, na nisipoangalia nitakuandikia barua nzima ya "no problem". Na problem ipo.

Yenyewe ni hii. Mwezi wa tano, hapa sebuleni kwetu, kocha wako mpya alikuuliza wewe swali, nikalijibu mimi. Jibu langu ndilo linalokupeleka kesho Marekani kwenye timu ambayo, kwa macho yangu, haina mahali pa kukuweka. Nimemwomba Mungu msamaha, nimemwomba mama yako, wewe mwenyewe ndiye sijakuomba. Nakuomba leo. Halafu nitakueleza yote, hata lile usilolijua, kwa sababu lipo.

Yule kocha wa kwanza alikupenda kwa kichwa chako. Alikuja Jumapili ile ya baridi, akasimama pembeni ya uwanja wetu wa matope na viatu vyake vyeupe, chai mkononi, akakuona unaruka juu ya mabeki wawili na kuupiga mpira wa kona mpaka wavuni, kisha ukarudia tena kipindi cha pili. Alinigeukia akasema, "Sir, you can't teach that." Nikacheka kama mtu aliyeshinda bahati nasibu. Timu ya chuo chake, alinieleza, inacheza mpira wa moja kwa moja: beki anautoa pembeni, winga anakimbia nao mpaka mwisho wa uwanja, anamimina krosi, na katikati amesimama namba tisa mrefu wa kuimalizia. Namba tisa wake alikuwa anamaliza masomo. Akakutaka wewe, na masomo yako yalipwe na chuo kwa miguu yako na kichwa chako.

Alipoondoka nikatangaza. Hilo ndilo kosa la kwanza, dogo, lakini lilizaa mengine. Nilitangaza msikitini, nikatangaza kazini, nikatangaza kwenye lile kundi letu la WhatsApp la watu wa Tanga walioko huku, ambamo habari ya mtoto wa mtu hukaa ikitafunwa wiki nzima. Nyumbani, shangazi yangu akakusanya kina mama wakasoma dua, na ndani ya dua wakalitaja jina la chuo chako. Walilitamka vibaya, lakini walilitaja. Nikajiambia kwamba chuo kikishasomewa dua kwa jina lake hakibadiliki tena.

Kisha yule kocha akapata kazi nzuri zaidi kwingine, akaondoka. Wakamleta huyu mwanamama mwenye sauti ya upole, na jambo la kwanza alilofanya ni kuubadilisha mfumo mzima wa kushambulia.

Usifikiri baba yako hajui. Mechi zao za kirafiki za mwezi wa tatu na wa nne niliziangalia kwenye simu, katika chumba cha mapumziko kazini, chakula changu kikipoa. Timu sasa haina namba tisa. Si kwamba ameumia au anatafutwa. Hayumo kwenye mpango. Mbele kuna wasichana watatu wadogo, wepesi, wanaozunguka na kubadilishana nafasi, mpira unakaa chini, pasi fupi fupi, na pale katikati mbele ya goli, pale unaposimama wewe, hapana mtu. Ni mfumo mzuri. Nimeziona timu kubwa zikiucheza nikasahau hata kukaa. Lakini unataka watu waliolelewa nao, na wale hawakulelewa nao. Winga wao wa kulia mpaka leo akifika mwisho wa uwanja anainua kichwa atafute wa kumpa krosi, haoni mtu, anaurudisha nyuma. Nyuma unarudi kwa kipa, na kipa wao anaugusa mpira kama mtu anayekanyaga miiba. Wapinzani wameshalijua hilo, wanamngojea hapohapo. Katika mechi nilizoziangalia sikuona hata moja waliyoshinda.

Kwa hiyo msimu huu nadhani utakuwa mbaya. Na nakuambia jambo ambalo hakuna mwingine atakayekuambia: msimu ukiwa mbaya, kocha huwategemea wale aliowachagua mwenyewe. Wewe ulichaguliwa na mwenziwe. Hayo yote niliyajua, Zuhura, nilikuwa nayo kichwani, siku ile alipopiga simu.

Ilikuwa Jumanne jioni. Tuliiweka laptop juu ya makopo mawili ya maziwa ili nyuso zetu zionekane sawasawa, na mimi nilivaa shati la Idi, kana kwamba ninaposwa. Yule mama hakuzunguka. Alisema, "Zuhura, I want to be honest with you. I don't play with a nine." Akasema anaweza kukujaribu nyuma, kwenye mabeki, ila hana hakika. Kisha akasema kuna mwenzake katika chuo kingine, jimbo jingine, ambaye bado anacheza na namba tisa na amempoteza wake. Nafasi ipo mpaka Ijumaa, na ukitaka atampigia yeye mwenyewe, gharama na mambo mengine yatakuwa vilevile. Akaegemea nyuma. "So what do you want? There's no wrong answer."

Ukavuta pumzi. Nilikusikia ukivuta pumzi. Na mimi nikainama mbele mpaka uso wangu ukajaa kwenye kioo, nikasema, "Coach, she is in your hands. Whatever you decide, we are very happy."

Yule mama akatabasamu. "That's wonderful to hear," akasema, akaandika kitu. Halafu akakuuliza tena, mara ya pili, wala hakulazimika, "Zuhura? You good with that?" Ukaniangalia mimi kwanza. Ndipo ukasema, "Yeah. Happy to."

Mama yako alikuwa ameshafika mlangoni, ametoka kazini, koti hajalivua. Simu ilipokatika akaniuliza, "Baba Zuhura, wewe nani kakuuliza?"

Nikamwambia hiyo ni adabu tu.

"Adabu ya nani? Kaulizwa mtoto, kajibu mzee mzima na ndevu zake." Akaingia jikoni, na siku mbili hakunisemesha ila kwa mambo ya chakula.

Sasa nikufafanulie adabu yenyewe, maana hujakulia ilikotoka. Kwetu, mzazi anapompeleka mtoto kwa mwalimu, husema, "Nakukabidhi huyu. Nyama yako, mifupa yangu." Maana yake: mfundishe utakavyo, mimi sitakuja kukuuliza, nirudishie mifupa tu. Baba yangu aliyasema hayo kwa mwalimu wangu wa Kurani nikiwa na miaka sita, nikiwa nimeshikilia kanzu yake. Yanatisha ukiyasikia hivi, lakini mwalimu muungwana huyapokea kwa kuyakataa. Husema, "Astaghfirullah, huyu ni mtoto wetu sote, hebu nieleze yukoje." Hapo ndipo mzazi hufunguka akasema mtoto wake ni mwoga, au hasikii sikio moja, au anapenda hesabu. Maneno yale ni mlango wa kuingilia kwenye mazungumzo. Mimi nikayatafsiri kwa Kiingereza nikamrushia Mmarekani. Yeye akayachukua kama yalivyo, akaona ni jibu, akashukuru, akafunga daftari. Nikabaki nimekaa mbele ya kioo cheusi nikimngojea akatae.

Nikisema ilikuwa ni adabu peke yake nitakuwa naongopa. Kulikuwa na woga ndani yake. Niliogopa kuingia kwenye kundi na kuandika kwamba chuo si kile tena. Niliogopa kumwambia shangazi kwamba dua ilikwenda pengine. Na London imenifundisha kwamba mwenye fomu mkononi akikuuliza unataka nini, mpe jibu litakalomrahisishia kazi, usije ukaonekana msumbufu. Nimeishi hivyo na nyumba tumepata, na kazi tumepata, na nikadhani ndiyo hekima yenyewe. Nikaitumia juu yako.

Kuanzia wiki ile ukaanza kunijibu Kiswahili. Maisha yako yote nimekusemesha Kiswahili ukanijibu Kiingereza, tangu ukiwa huwezi kufunga kamba za viatu. Ghafla ikawa "Ndiyo baba." "Sawa baba." "Nimeshiba baba." Mimi mjinga nikafurahi. Nikamwambia mama yako, unaona, mtoto amekua, ameishika lugha yake. Ilinichukua wiki kadhaa kuelewa. Wewe ulikuwa ukinibishia kwa Kiingereza: "Baba, that's so unfair." "Baba, you're not even listening." Kiswahili tulichokufundisha hapa nyumbani ni cha kuamkia, cha kushukuru na cha kutii, hakuna hata siku moja tuliyokufundisha namna ya kukataa kwa Kiswahili. Ulipohamia huko ulikuwa umeacha kubishana na mimi. Nyumba ikawa na heshima nyingi, na mimi nilikuwa nazikumbuka kelele.

Na katika watu wote wa London, mimi ndiye niliyepaswa kujua. Hili hujawahi kulisikia kwangu. Mimi nimewahi kuwa yule kocha.

Unajua kwamba kabla ya kuja huku nilikuwa mkufunzi wa chuo cha ualimu huko mkoani kwetu. Nisichokusimulia ni kwamba timu ya mpira ya chuo ilikuwa mikononi mwangu. Ilikuwa timu ya kawaida yenye kijana mmoja asiye wa kawaida, Bakari, kutoka milima ya Lushoto, mrefu kiasi kwamba kitandani miguu ilitoka nje na wenzake walitundika taulo juu yake. Kwa kichwa huyo alikuwa hakamatiki. Siku alipoletwa chuoni baba yake alishuka naye, kapu la pea mkononi, akanisalimu, akasema, "Mwalimu, nyama yako, mifupa yangu." Nami sikuyakataa yale maneno. Nilikuwa kijana, nimeitwa mwalimu na mzee mwenye mvi, yakanipendeza. Nikala pea zake.

Mwaka wa pili wa Bakari nikalewa pasi fupi. Tulikuwa tunaangalia mechi za Ulaya kwenye televisheni ya bwalo, nikaona dunia imeendelea na sisi tumebaki na krosi zetu. Nikabadilisha mfumo wiki chache kabla ya mashindano ya vyuo. Nikamwita Bakari nikamwambia kwamba kwa sasa atakaa benchi ajifunze mpira wa kisasa. Akasema, "Sawa mwalimu." Nikahesabu kwamba ameridhika. Kuna watu waliokuja kuangalia wachezaji kwenye mashindano yale, wanachagua timu ya mkoa, na Bakari alikaa kwenye benchi na soksi zake zimevutwa mpaka magotini tangu dakika ya kwanza hadi ya mwisho, mechi zote. Uwanja haukuwa na nyasi za kutosha hata kwa mbuzi, sembuse pasi fupi. Tulitolewa mapema. Mechi ya mwisho niliona kabisa kwamba krosi moja na Bakari vingetosha, na sikumwingiza, kwa sababu ningemwingiza ningekuwa nimekiri mbele ya watu.

Baba yake hakuja kuniuliza. Alikwisha kunikabidhi. Na mimi nikastarehe ndani ya ukimya ule, nikauita heshima, nikausahau.

Mwezi wa sita mwaka huu nilipokwenda kwenye msiba wa mjomba, nilikuwa Muheza kwenye mgahawa nakunywa chai, mtu mzima mwenye mvi nyingi kuliko mimi akasimama mbele yangu.

"Shikamoo mwalimu."

"Marahaba. Nani mwenzangu? Macho yamechoka."

"Bakari, mwalimu. Namba tisa wako."

Nilisimama nikamkumbatia. Ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi sasa, ana watoto wanne. Mpira aliuacha alipomaliza chuo. Kwa furaha, na kwa ujinga wangu, nikaanza tena kutangaza: nina binti, Bakari, namba tisa kama wewe, kwa kichwa ni wewe mtupu, anakwenda Marekani kuchezea chuo. Nikamwonyesha kwenye simu lile goli lako la kona. Aliliangalia mara tatu. Uso wake uling'aa, Zuhura, sijui nikuelezeje. Halafu akaniuliza, kwa nia njema kabisa, "Na timu yenyewe inacheza na namba tisa?"

Nikashika kikombe.

Akaelewa. Hakunicheka. Akakaa, akaagiza chai yake, akasema polepole, "Mwalimu, mwaka ule timu ya shamba la mkonge walinitaka niwachezee mwisho wa wiki. Ilihitajika ruhusa yako tu."

"Mbona hukusema?"

"Nilikuwa nangoja uniulize. Baba alishakukabidhi. Ningeanzaje mimi?" Akakoroga sukari. "Kila siku ukipita bwenini nilidhani leo ataniuliza unataka nini, Bakari. Nilikuwa na jibu tayari."

Akalipia chai zote mbili, akakataa katakata nisilipe, akaniaga kwa shikamoo nyingine. Nilibaki pale mpaka mwenye mgahawa akaanza kupanga viti. Yule mwanamama wa Marekani, ninayemlaumu tangu mwezi wa tatu, alikufanyia wewe kile ambacho mimi sikumfanyia Bakari. Alikuuliza. Alikuuliza mara mbili. Na aliyekuziba mdomo si yeye.

Sasa lile usilolijua. Niliporudi, siku ya pili tu, nilimpigia kocha wako nikiwa kituo cha basi nje ya kazini. Nilikuwa nimeandika maneno kwenye karatasi ili nisije nikaanza tena no problem. Nilimwambia nilikujibia, kwamba yale maneno yangu kwetu si jibu, na kwamba namwomba akuulize upya, nikiwa sipo. Akasema ile nafasi ya chuo kingine ilijazwa wiki ileile. Akasema, "I did wonder why she was so quiet." Nilimwuliza utacheza wapi. Akasema utafanya mazoezi na mabeki, na hawezi kuniahidi dakika hata moja, na akaomba radhi, kwa upole uleule. Mwisho wa mwaka wa kwanza, akasema, wanaangalia upya nani anabaki kwenye kikosi. Kwa maneno mengine, nani anaendelea kulipiwa masomo.

Nimekaa na habari hiyo kwa wiki sita. Kila nilipokuona umerudi kutoka mazoezini, njumu mkononi, umepiga mpira kwa kichwa mara mia peke yako kwenye ukuta wa gereji, nilitaka kusema, nikasema kuna wali. Hilo nalo niongezee kwenye hesabu ya makosa. Majuto ni mjukuu, wanasema, lakini mjukuu angalau hukuchekea.

Juzi nilikuuliza kama ungependa ubaki, uanze chuo hapahapa mwakani. Ulisema, "Hapana baba, nitakwenda." Kwa Kiswahili. Na mimi sijui tena, nikisikia Kiswahili chako, kama nasikia unachokitaka au nasikia malezi yangu yakiongea. Hilo linaniuma kuliko habari ya timu. Namba tisa aliyewekwa beki anaweza kujifunza ubeki. Nimeona wawili watatu. Lakini nimemlea mtoto ambaye akiulizwa anataka nini huangalia kwanza uso wa baba yake, na sijui dawa ya hilo, na kesho saa tatu ndege inaruka.

Ningependa kukuambia kwamba yote yatakuwa sawa. Nimekaa hapa tangu saa nane natafuta maneno ya kukutia moyo na sijayapata, na sitayatunga, nimekwisha kukutungia vya kutosha. Sina matumaini na timu ile. Nadhani watafungwa. Nadhani utakaa benchi siku nyingi za baridi, umevuta soksi mpaka magotini, ukiangalia krosi ambazo hakuna wa kuzimalizia, na utajua kabisa kwamba ungezimaliza. Nadhani utatuchukia kidogo, mimi zaidi ya mama yako, na utakuwa na haki. Huko mbali hutakuwa na ukuta wa gereji, wala mama yako wa kukuwekea wali kwenye sahani ya pili, na mimi nitakuwa nazungusha wazee wa watu kwenye viti vyao nikijiuliza ni saa ngapi kwenu. Sitalala vizuri. Hilo sikwambii ili unionee huruma, nakwambia kwa sababu ni kweli, na leo nimeapa kukuandikia kweli tupu.

Ukitaka kunijibu barua hii, nijibu kwa Kiingereza. Nibishie. Niite nilivyo. Nitaisoma kwa sauti, taratibu.

Siku itafika, labda mwezi wa kumi na mbili, labda kabla, yule mwanamama atakuita ofisini kwake afunge mlango, akuulize unataka nini. Namjua sasa, atakuuliza. Labda utataka kubaki na kupigania namba ya ubeki. Labda utataka timu nyingine. Labda utataka kuacha mpira kabisa na kurudi kulala kwenye chumba chako. Sijui ni lipi kati ya hayo, na ni mara ya kwanza nakiri kwamba sijui. Katika safari hii yote, mama, nimetafuta jambo moja jema na nimeliona moja tu: akikuuliza, mimi sitakuwemo chumbani.

Baba yako,
anayekupenda kuliko alivyojua kukusikiliza